Pointi 19 kwa mechi: je, mdogo wangu atafika NBA?

"Shikamoo kocha. Mdogo wangu anacheza mpira wa kikapu, nafasi ya gadi, kwenye chuo kimoja kidogo huko Marekani, daraja la kwanza la NCAA, yaani mashindano ya vyuo. Yuko mwaka wa tatu, ana miaka 21, urefu futi 6 na inchi 1, na msimu huu ana wastani wa pointi 19 kwa mechi. Hapa nyumbani Arusha watu wameshaanza kugawana mshahara wa NBA. Nimekutumia mechi zake mbili, nzima. Wewe unamwonaje? Usinifiche."

Marahaba. Sitakuficha, ila nivumilie kidogo, maana jibu la ndiyo au hapana halitakusaidia.

Kwanza asante kwa kutuma mechi nzima. Wengi hunitumia kile kivideo cha dakika tatu chenye muziki, kila mpira unaingia, na kwa video ya namna hiyo hata mimi na magoti yangu haya ningeonekana wa maana. Mechi nzima inaonyesha hata yale ambayo mwenyewe asingependa yaonekane. Nimeziangalia zote mara mbili, mara ya pili nikimfuata yeye tu, mpira uende unakokwenda.

Hizo pointi 19 tuziweke pembeni mapema. Mwaka 2011 Jimmer Fredette wa Brigham Young alimaliza msimu na wastani wa pointi 28.9. Hakuna aliyefunga kuliko yeye katika daraja lote, na tuzo za mchezaji bora wa mwaka akazizoa. Kwenye drafti (siyo ile ya kete za vijiweni, bali siku timu za NBA zinapochagua vijana wapya kwa zamu) akachaguliwa wa 10. Aliyemfuata, wa 11, alikuwa Klay Thompson wa Washington State. Fredette hakupata mahali pa kudumu NBA. Alikuja kung'ara Shanghai. Sasa geuza upande wa pili. Jrue Holiday alikaa UCLA msimu mmoja tu, 2008-09, akafunga wastani wa pointi 8.5, kwa sababu mpira ulikuwa mikononi mwa Darren Collison. Holiday huyo ana ubingwa mara mbili, na Milwaukee 2021 na Boston 2024. Devin Booker naye pale Kentucky hakuanza hata mechi moja.

Pointi za chuoni hutegemea kocha amekuruhusu kutupa mara ngapi na ni nani aliyesimama mbele yako. Chuo kidogo kikimpata kijana mmoja anayejua kufunga, atapewa mpira mpaka achoke. Ninachokitafuta mimi ni kitakachobaki mkononi mwake siku atakapopanda ngazi, akakuta kila mtu ni mrefu kuliko yeye, ana kasi kuliko yeye, na mpira ni wa mtu mwingine.

Ndiyo maana mechi ya kwanza uliyonitumia, ile ya Novemba ugenini kwenye chuo kikubwa, ina thamani kuliko ya pili aliyofunga pointi 24. Pengine nyumbani mliiona kama aibu, kwa jinsi walivyofungwa. Ujue vyuo vidogo hulipwa fedha kwenda kucheza mechi za namna hiyo mwanzoni mwa msimu. Mkubwa anajipatia ushindi, mdogo anajipatia nauli na bajeti ya mwaka. Kwa skauti, hizo ndizo mechi za kumwona gadi wa chuo kidogo, kwa sababu wanaomkaba siku hiyo wanafanana na watakaomkaba huko mbele. Stephen Curry alisoma Davidson, chuo ambacho wengi walikuwa hawajakisikia. Machi 2008, kwenye mashindano ya kitaifa, aliwafunga Gonzaga pointi 40, Georgetown 30, Wisconsin 33, halafu 25 mbele ya Kansas katika mechi waliyopoteza 59 kwa 57. Wapinzani walibadilika, yeye akabaki yule yule. Mwaka 2012 CJ McCollum wa Lehigh aliipiga Duke pointi 30 na kuitoa mashindanoni. Mdogo wako kwenye ile ya Novemba kapata pointi 11, na mpira kaupoteza mara sita. Mara nne kati ya hizo sita zilikuja kwa namna moja: kabanwa na watu wawili baada ya skrini (mwenzake anaposimama njiani kumzuia beki), kageuka kumtafuta mwenzake, na mkono mrefu ukawa umeshafika.

Hebu nikuonyeshe tukio moja. Liko kwenye mechi ya pili, kipindi cha mwisho, saa inaonyesha dakika 11 na kitu. Senta wao anapanda kumwekea skrini upande wa kulia. Mdogo wako anapita bega kwa bega na senta wake, vizuri kabisa. Beki wake anakwama nyuma. Senta wa wapinzani amerudi kulinda kikapu. Hapo beki aliyekuwa kona ya mbali, kushoto, anatoka hatua mbili kuja kuziba njia, na mtu wake anabaki kule peke yake, mikono iko tayari. Nimesimamisha picha: macho ya mdogo wako yanamwona. Lakini anadunda mara moja zaidi, anaukusanya mpira kwa mikono miwili, ndipo anatoa pasi. Pasi inafika, na beki naye kafika. Kwenye karatasi ya takwimu hapo hapana kitu, si asisti (pasi iliyozaa kikapu), si mpira uliopotea. Mimi nimelirudia tukio hilo mara tano.

Gadi anayelipwa hutoa pasi hiyo kwa mkono mmoja, mpira ukitoka tu kudundwa, wakati yule beki ndiyo kwanza ananyanyua mguu. Ni tofauti ya nusu sekunde. Mtu wa futi 6 na inchi 6 anaweza kuchelewa nusu sekunde kisha akapitisha pasi juu ya vichwa vya watu. Wa futi 6 na inchi 1 hana ruhusa hiyo. Habari njema ni kwamba anamwona mtu wa kona. Kuona ndiyo kazi ngumu kufundisha. Mkono unafundishika, na ninajua makocha ambao wangemfanyisha pasi hiyo mara 200 kwa siku kipindi chote cha likizo.

Tuje kwenye kutupa, maana najua umengoja hapo. Umeniandikia kwa fahari kwamba ana asilimia 38 ya mitupo ya pointi tatu. Nimefurahi, lakini sijashtuka. Msimu mmoja wa chuo humpa gadi kama yeye mitupo 150 hivi ya tatu, nayo ni michache mno kwa hesabu ya aina hii. Mtu ambaye mkono wake wa kweli ni wa asilimia 35 anaweza kumaliza na 31 au na 39, kwa bahati tu. Ndiyo maana watu wa kazi hii hukimbilia mitupo huru, ile anayopewa mtu aliyechezewa faulo. Pale hakuna beki, hakuna kukimbia, umbali ni ule ule kila siku. Ni mkono mtupu.

Timu ya Philadelphia ilijifunza somo hilo pande zote mbili. Mwaka 2017 walimchukua Markelle Fultz wa chuo cha Washington, wa kwanza kabisa. Pointi tatu alikuwa akiingiza asilimia 41.3, lakini mitupo huru 64.9. Mwaka 2020 wakamchukua Tyrese Maxey wa Kentucky, wa 21, kwa sababu pointi tatu alikuwa ameingiza asilimia 29.2 tu na timu nyingi zikamkwepa. Mitupo huru yake? 83.3. Maxey mwaka 2024 alicheza mechi ya nyota wote. Mtupo wa Fultz uliharibika karibu mbele ya macho yetu. Nimtendee haki: baadaye aligundulika kuwa na tatizo la neva begani, kwa hiyo nisiseme mitupo huru ilitabiri yote. Lakini nikilazimishwa kuchagua namba moja tu ya kuamini, ni hiyo. Mdogo wako katika mechi hizi mbili kaingiza 12 kati ya 13. Naitaka ya miaka yote mitatu.

Tena angalia miguu yake anapotupa. Mstari wa tatu wa vyuo vya wanaume tangu msimu wa 2019-20 ni mita 6.75, ule ule wa FIBA, shirikisho la kimataifa, tunaochezea huku kwetu. Wa NBA mbele ya kikapu ni mita 7.24, kona tu ndiko uko karibu, mita 6.70. Yeye vidole vyake viko juu ya mstari kabisa, karibu aukanyage. Akirudishwa nusu mita nyuma, je, goti litazidi kukunjwa na mpira kuanzia kiunoni? Hilo halionekani kwenye takwimu yoyote, lakini ukimsimamisha uwanjani kwa nusu saa utalijua.

Kwa kupenya sina wasiwasi sana. Watu husahau kwamba njia ya kwenda kikapuni inaweza kuwa nyembamba zaidi chuoni kuliko NBA. Kule juu senta anayelinda haruhusiwi kukaa ndani ya eneo zaidi ya sekunde tatu bila kuwa karibu na mtu wa kumkaba. Chuoni anaweza kujenga nyumba humo. Mwendo wa mechi pia ni mwingine, sekunde 30 kwa kila shambulizi chuoni, 24 huko juu. Gadi mwenye kasi ya kweli hupumua zaidi akifika. Mdogo wako ana hatua ya kwanza nzuri, ila kwenda kulia tu. Kwenye mechi ya Novemba walilitambua hilo kabla ya mapumziko, wakamfungia kulia, na mkono wa kushoto haukuwa na jibu.

Urefu. Futi 6 na inchi 1 ni urefu wa kwenye orodha ya timu, na orodha za vyuo zina ukarimu wake. Kwenye vipimo vya NBA kabla ya drafti, Chicago, kila Mei, watu huvuliwa viatu. Lakini kabla hujakata tamaa, mpimeni mikono. Donovan Mitchell wa Louisville alipimwa bila viatu akakutwa futi 6 na inchi 1 na ushei, kumbe mikono ikinyooshwa inafika futi 6 na inchi 10. Kwa kukaba na kwa kutupa juu ya watu, huyo ni mrefu. Kazi hiyo inafanyika hata sebuleni: asimame mgongo ukutani, anyooshe mikono pande zote mbili, mtu aweke alama kwenye ncha za vidole vya kati. Mikono ikizidi kimo kwa inchi nne au tano, mazungumzo yanabadilika. Ikilingana nacho, tutakuwa na kazi.

Na kazi yenyewe ni ulinzi. Siku hizi timu kubwa hufanya uwindaji. Wanamtafuta beki mfupi au mzito kuliko wote, yule anayekabwa naye anaitwa kuweka skrini, wanabadilishana, na ghafla mfupi wako amebaki uso kwa uso na jitu linalolipwa dola milioni 50 kwa mwaka. Hapo hapana pa kujificha. Fred VanVleet wa Wichita State alinusurika kwa kifua na mikono. Mwaka 2016 hakuchaguliwa na yeyote, mwaka 2019 alikuwa bingwa na Toronto, akimfukuza Curry uwanja mzima kwenye fainali. Mdogo wako anapambana, sikatai. Akisukumwa hasogei ovyo. Lakini anapigwa na skrini mno, anagonga mwili wa senta kama aliyegonga mlango gizani, kisha anafuata kwa nyuma mechi nzima. Hilo pia linafundishika, kwa mtu anayependa kufundishwa.

Kilichoniudhi ni kingine. Akishatoa mpira, anasimama. Mikono kiunoni, kama mtu anayesubiri daladala. Kwao chuoni hailemei timu, kwa sababu baada ya sekunde tano mpira utamrudia. Akienda kokote juu ya hapo, mpira utakuwa wa mwingine, na mtu mfupi anayesimama hana faida kwa yeyote. Jalen Brunson alitoka Villanova na ubingwa wa 2016 na wa 2018, mchezaji bora wa mwaka, na bado akachaguliwa wa 33. Akafika Dallas akakuta mpira ni wa Luka Dončić. Akajifunza kuishi bila mpira: kukata, kukaa tayari kona, kushambulia beki anayekuja mbio. Miaka minne baadaye New York ilimkabidhi timu nzima.

Umeniuliza pia, kwenye ujumbe wa pili, kama miaka 21 ni mikubwa. Sisi Watanzania drafti tunayoikumbuka ni ya 2009, Hasheem Thabeet alipochaguliwa wa pili kutoka Connecticut, na ukiisoma orodha ile upya inafundisha mambo mengi kuhusu gadi. Nyuma ya Hasheem akaja James Harden, wa tatu. Minnesota walikuwa na nafasi ya tano na ya sita, wakachukua gadi mara mbili mfululizo: Ricky Rubio, kisha Jonny Flynn wa Syracuse. Curry akaenda wa saba, akiwa na miaka 21. Usiwacheke Minnesota kirahisi. Machi ya mwaka huo wa 2009 Flynn alikuwa amecheza dakika 67 katika mechi moja iliyokwenda vipindi sita vya nyongeza dhidi ya Connecticut ya Hasheem, akafunga pointi 34 na asisti 11. Nani asingempenda kijana huyo? Nyonga ikaja kumwangusha. Na Curry alionekana mwembamba, eti si mpangaji wa kweli. Ila dalili ilikuwepo kwa aliyetaka kuiona: mwaka wake wa tatu Davidson ilimhamishia kwenye nafasi ya kupanga mchezo, na asisti zikapanda kutoka 2.9 hadi 5.6 huku pointi zikipanda pia, mpaka 28.6. Alipewa kazi mpya, akaiweza katika miezi mitano.

Kwa hiyo miaka 21 haimfungii mlango. Damian Lillard alimaliza miaka minne Weber State. Ila mwenye miaka 21 simsamehe kitu kile kile nilichokiona akiwa na 19. Nahitaji takwimu zake za mwaka wa kwanza na wa pili nione kapanda wapi. Asisti dhidi ya mipira aliyopoteza hasa.

Hukumu yangu kwa leo: kwa nilichokiona, drafti ya mwaka huu hapana. Fanya hesabu mwenyewe. Vyuo vya daraja la kwanza ni zaidi ya 350. Nafasi za drafti hazizidi 60, na humo wamo Wafaransa, Waserbia na Waaustralia. Timu 30, kila moja wachezaji 15 na mikataba mitatu ya njia mbili kati ya NBA na G League, ligi yake ndogo ya kukuzia wachezaji. Lakini kucheza mpira kwa kulipwa, Ulaya au kwingineko, naona inawezekana, na hilo si jambo dogo.

Akisikia ushauri wangu, mwaka wa mwisho ahamie chuo kwenye ligi kubwa zaidi, hata kama pointi zitashuka kuwa 11. Afanye alichofanya Carlik Jones. Huyo alicheza Radford, chuo kidogo, akahamia Louisville mwaka wa mwisho, drafti ya 2021 ikampita. Mwaka 2023 akawa mchezaji bora wa G League, mwaka huo huo akaiongoza Sudan Kusini Kombe la Dunia mpaka ikapata tiketi ya Olimpiki ya Paris. Julai 2024 London, mbele ya Marekani yenyewe, alipata pointi 15, ribaundi 11 (mipira iliyokosa kikapu aliyoidaka) na asisti 11, wakafungwa kwa pointi moja tu, 101 kwa 100. Baada ya hapo akaenda Partizan ya Belgrade. Kimo chake ni kama cha mdogo wako.

Akihama, kuna jambo moja la karatasi ambalo huwaponyoka vijana wetu. Vyuo sasa vinatoa fedha kwa wachezaji, na mawakala watampigia simu wakimtajia dola. Yeye yuko kwa visa ya mwanafunzi, F-1, inayobana sana kazi ya kulipwa ndani ya Marekani. Asisaini chochote kabla ya kuonana na ofisi ya wanafunzi wa kigeni ya chuo chake na mwanasheria wa uhamiaji. Akitaka kujua NBA wanamwonaje, anaweza kuingiza jina kwenye drafti, akaomba tathmini yao, kisha akajitoa kabla ya tarehe ya mwisho na kurudi chuoni. Majibu yao huwa makavu kuliko yangu.

Nitumie urefu wa mikono, mitupo huru ya miaka yote mitatu, na mechi moja ya mwezi huu, yoyote waliyofungwa. Na mwambie nitakuwa namwangalia akishatoa mpira.